Mama Zamu, Aliyegombezwa kwa Niaba ya Wenzake

Simu ilipolia, Fundi alikuwa amelala chali chini ya cherehani ya kola, bisibisi mkononi, anafunga mkanda mpya. Aliitoa mfukoni kwa vidole vya grisi, akaibana kati ya sikio na bega. Alikuwa shemeji yake, kinyozi, mume wa dada yake.

"Shemeji, uko wapi?"

"Kazini. Niko chini ya mashine. Vipi, Dada ameamka? Amekunywa uji?"

"Hebu toka huko kwanza."

"Sema tu, Shemeji, nasikia."

"Toka, ukae kitako. Kuna mtu karibu yako?"

Mtu haambiwi akae kitako kwa habari ya uji. Fundi alijua palepale, kabla shemeji yake hajafika popote. Hata hivyo alitoka, akakaa sakafuni, akaegemea mguu wa meza, akamwacha kinyozi wa watu aende mwendo wake: kwamba usiku ulikuwa mgumu, kwamba madaktari walihangaika, kwamba moyo ulikuwa umechoka, kwamba wao ni wanadamu tu na mwenye mamlaka ni Mungu. Na Mungu alikuwa amemchukua, asubuhi hiyo hiyo, wodini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

"Haya, Shemeji," Fundi alisema. "Haya. Nimesikia."

Aliyemwona wa kwanza ni mshonaji wa mashine ile, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopata likizo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Kola.

"Wewe Fundi, mbona umekaa kama uliyemwagiwa maji ya baridi? Mkanda umekushinda?"

Fundi alimtazama tu. Mama Kola akafunga mdomo. Akavua mkasi uliokuwa ukining'inia shingoni, akauweka mezani taratibu, akajitupia upande wa kanga kichwani. Wa nyuma yake akamwona, akaondoa mguu kwenye pedali. Wa nyuma ya huyo naye vivyo hivyo. Mashine zilizimika moja baada ya nyingine, hadi upande wa vifungo, hadi kwenye meza za pasi, na kiwanda kile cha mashati, ambacho siku zote kilinguruma kama tumbo la mwenye njaa, kikanyamaza kabisa.

Ukimya ule ndio uliomtoa meneja ofisini. Ofisi yake ilikuwa juu, ya vioo, na ngazi za chuma zilipiga kelele alipokuwa akishuka. Alikuwa mtu wa ng'ambo, mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani na alikitumia kama nyundo. Wafanyakazi walimpa jina la Bwana Makavu, kwa sababu neno lake halikuzunguka: shati likiwa bovu alisema bovu, na mtu akichelewa alimwambia umechelewa hata kama amekuja analia.

"Nini? Umeme?"

"Hapana, bosi," Fundi alisema, akijiinua.

"Sasa nini?"

Watu wote walimtazama Fundi. Siku nyingine yoyote wangemtazama dada yake, msimamizi wa zamu yao.

"Ni Dada, bosi. Hali yake haikuwa nzuri usiku."

"Oh. Pole. Daktari wanasema nini?"

"Madaktari wamejitahidi sana, bosi. Sasa tumemwachia Mungu."

Bwana Makavu akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Ndiyo. Pole sana. Jumamosi mimi nitaenda kumwona. Sasa mashine, tafadhali. Mzigo unaondoka keshokutwa."

Akapanda ngazi zake. Kila mguu wake ulipogonga chuma, ilikuwa kama unagonga vifuani mwa watu.

Ni lazima ieleweke jinsi jambo hili lilivyokuwa. Kwa watu wa laini ile, mstari ule wa mashine, habari ya msiba haimwagwi kama maji machafu. Inatolewa kidogo kidogo. Wa kwanza anasema hali si nzuri. Msikilizaji akishaketi na moyo wake ukishajikunja, anakuja mtu mzima kumalizia. Fundi alikuwa ametoa sehemu yake kama alivyolelewa, tena akiwa yeye mwenyewe ndiye mfiwa. Kumalizia ilikuwa kazi ya mzee wa stoo, mwenye mvi, aliyezoea kupeleka habari nzito kwenye nyumba za watu. Lakini mzee wa stoo, alipoona meneja amesikia na kujibu "mashine, tafadhali," alikunja uso.

"Mimi nikamwambie nini tena mtu yule?" alisema. "Amesikia. Anataka mashati."

"Eti Jumamosi atakwenda kumwona!" Mama Kola alisema, machozi yanamtiririka. "Jumamosi! Tutakuwa tumeshamzika! Atakwenda kuona nini?"

Wakaziwasha mashine. Walishona kwa hasira, sindano zinakwenda kama mvua ya mawe. Fundi alivua ovaroli akaenda msibani.

Jioni ile nyumba ya kinyozi ilijaa. Wanawake walikaa ndani, wanaume uani kwenye viti vya kuazima na mabenchi ya saluni. Fundi alikaa pembeni karibu na pipa la maji. Mazishi yalipangwa keshokutwa asubuhi. Siku hiyo hiyo mzigo wa mashati ulitakiwa uondoke, na watu wa zamu ya asubuhi waliofika kutoa pole walimweleza jambo moja kwa namna mbalimbali: tutakuja kumzika, atufukuze akitaka.

"Mimi nimeshawaambia wenzangu," Mama Kola alisema. "Ruhusa hatuombi. Tutamwomba nani? Yule?"

Fundi aliwatazama. Wengi walikuwa na watoto shuleni, wengine walikuwa wametoka mbali, wamevuka mipaka, hawana ndugu mjini isipokuwa laini yao. Wakija bila ruhusa wangefukuzwa, hilo halikuwa na mjadala, kwani Bwana Makavu hakuwahi kutishia asitende. Wasipokuja, dada yake angezikwa na mumewe, mdogo wake na majirani wachache, wakati watu aliowamalizia maisha yake wako kwenye mashine. Na aliyejua kuomba ruhusa kwa meneja yule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mochwari.

Dada yake alianza pale kwa kutia vifungo, akiwa msichana. Alishona kimya kimya, akasali kimya kimya, na pengine angezeekea kwenye vifungo kama Bwana Makavu asingeletwa. Wiki yake ya kwanza tu, bwana huyo alisimama katikati ya laini, akainua shati la Mama Kola juu kama bendera, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye pasi: "Kola hii mbovu. Nani ameshona? Wewe? Mbovu." Mama Kola akaweka mkasi chini, akachukua mkoba, akaondoka. Hakurudi siku ile wala iliyofuata. Meneja alishangaa hadi akashindwa kula.

"Nilisema kola mbovu," aliuliza. "Sikusema yeye mbovu. Kwa nini ameondoka?"

Wote walitazama viatu vyao. Ndipo mtia vifungo akasimama, akapanda ngazi za chuma, akaingia ofisi ya vioo bila kuitwa. Laini nzima iliona midomo yao ikicheza bila kusikia. Aliposhuka walikuwa wameshapatana. Alikuwa amemwambia hivi: "Bosi, kwenu kosa linasemwa mbele za watu, halafu linaisha. Kwetu likisemwa mbele za watu haliishi, linaenda nyumbani na mtu. Ukiwa na la kusema, nigombeze mimi. Kwa sauti yoyote unayotaka. Mimi nitalifikisha."

Mama Kola akarudi kazini, na ikawa hivyo tangu siku hiyo; cheo cha usimamizi wa zamu, na jina la Mama Zamu, vikamfuata dada huyo baadaye kama mkia. Mfuko ukishonwa kombo, Bwana Makavu alimwendea Mama Zamu, akamgombeza mbele ya laini nzima. "Mfuko huu upuuzi!" Naye alisimama, mikono nyuma, "ndiyo, bosi," na aliyeshona mfuko alijua kabisa mvua ile ni ya kwake ila imemnyeshea mwingine. Saa ya chai Mama Zamu alikwenda kuketi karibu yake. Aliuliza kikohozi cha mtoto. Aliuliza paa. Aliuliza kama mama mkwe bado yupo au amerudi kwake, wakacheka. Mfuko ulitajwa mwishoni, chai ikiwa imebaki kidogo kikombeni, na haukushonwa kombo tena.

Na ya wafanyakazi kwenda kwa bosi aliyabeba yeye pia. Mtu wa pasi alipomjia akalalamika juu ya jua, mgongo, na jinsi dunia ilivyobadilika, Mama Zamu alisikiliza hadi mwisho, akapanda ngazi akasema: "Bosi, feni ya pasi imekufa. Mtu ataanguka." Bwana Makavu alimpenda kwa hilo. "Vizuri. Feni. Leo," alisema, na feni ikaja.

Fundi hakumpenda meneja kwa hilo hata kidogo. Mara ngapi alikuwa juu ya ngazi anatia mafuta, akasikia dada yake, mtu mzima, mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya, anaambiwa "upuuzi" mbele ya watoto wa juzi! Siku moja alimfuata nyumbani.

"Dada, acha kazi ile. Umekuwa kinu. Huyu anatwanga, yule anatwanga."

Dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi la saluni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, imevimba. "Nikiacha, nani atawekwa pale? Wewe? Wewe bosi akikusalimia tu unajificha chini ya mashine."

"Sina neno la kumwambia mtu yule."

"Si mbaya, mdogo wangu. Ana njia yake na sisi tuna yetu, na mtu mmoja lazima atembee zote mbili." Akafumba macho. "Ila miguu inauma."

Kinyozi alizoea kwamba mke wake alirudi nyumbani akiwa hana neno lililobaki. Aliulizwa jambo akajibu kwa mkono. Hata sala yake ya jioni ilikuwa fupi. Mumewe alimsikia mara nyingi akipiga magoti kitandani na kusema, "Bwana, wewe sihitaji kukufafanulia," halafu kimya, halafu amina. Daktari alisema moyo umepanuka na apumzike. Alisema atapumzika mzigo ukishaondoka. Mizigo ilikuwa haiishi kuondoka. Mungu amrehemu.

Asubuhi ya pili, siku moja kabla ya mazishi, Fundi alifika kiwandani kabla ya zamu. Hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa amekaa macho akiona nyuso za wale watu wa laini, akaona aende akatukanwe mara moja yaishe. Alipanda ngazi za chuma. Alikuwa amepanga maneno makali, ya mtu asiyeogopa tena kufukuzwa.

Mlango ulikuwa wazi. Bwana Makavu alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imejaa machungwa, anayapanga ndani ya kikapu kipya. Kulikuwa na ndizi, kulikuwa na chupa ya asali, na juu yake kadi kubwa yenye picha ya maua, imeandikwa kwa wino mzito: UPONE HARAKA.

"A! Fundi. Vizuri umekuja," alisema. "Anaweza kula machungwa? Au daktari wamekataza? Mimi sijui habari ya moyo."

Yale maneno makali ya Fundi yakamyeyukia mdomoni. Alitazama kadi, akatazama asali. Mtu huyu alikuwa hajui. Jana alisikia sehemu ya kwanza akadhani ndiyo habari nzima, na hakuna aliyekuja kumalizia. Mzee wa stoo asingekuja. Mama Kola asingekuja. Ilibaki yeye, na hata nyumbani, kwenye ule umati wote, Fundi alikuwa bado hajalitamka neno lenyewe. Alisema "yaliyotokea," alisema "hali hii." Hapa yasingefaa.

"Bosi," alisema. "Dada amekufa."

Chungwa moja lilianguka, likaviringika hadi chini ya kabati.

"Amekufa," Fundi alirudia, kwa kuwa lilikuwa limeshatoka. "Jana asubuhi. Nilipokuwa chini ya mashine. Kesho asubuhi tunamzika."

Bwana Makavu alikaa kwenye kiti.

"Jana? Na mimi nikasema mashine."

"Ulisema, bosi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia kwa njia yetu, bosi. Hatukumaliza." Fundi akavuta kiti bila kukaribishwa. "Sasa nasema kwa njia yako. Watu wote wa zamu watakuja kuzika. Ukikataa watakuja hivyo hivyo, na wewe utawafukuza, na kiwanda hiki kitakuwa na mashine tupu. Nataka ruhusa ya wote. Kesho asubuhi yote."

"Wote haiwezekani. Mzigo."

"Mzigo aliubeba yeye kila mwezi."

Bwana Makavu alifunika uso kwa viganja. Machozi hayakuonekana, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Alipoviondoa viganja aliinua simu, akazungumza kwa lugha ya kwao, kwa sentensi fupi fupi, akizidi kupandisha sauti, halafu akaikata.

"Mzigo utachelewa siku moja," alisema. "Wamekasirika. Ruhusa asubuhi, watu wote. Mchana wanarudi. Zaidi ya hapo siwezi, Fundi. Kweli siwezi."

Fundi aliwaza watu wanaotoka makaburini kwenda kushona mashati. Ilikuwa zaidi ya alichotegemea, na bado ilikuwa kidogo. "Haya," alisema. "Lakini ukawaambie wewe."

"Nikisema mimi, wataondoka. Unajua. Nisemeje?"

"Usianze na ruhusa. Wasalimie. Waulize wamelalaje. Wape pole. Halafu useme hukujua."

Zamu ilikuwa imeshaingia, mashine hazijawashwa. Bwana Makavu alishuka akaanza na aliye wa kwanza mlangoni. Alimshika mkono, akamuuliza amelalaje, akamuuliza nyumbani hawajambo, akampa pole. Akaenda kwa wa pili, yale yale. Hakuruka mtu. Laini ilikuwa ndefu, na watu wakaanza kutazamana.

"Bosi," Mama Kola alisema alipofikiwa, macho yamevimba, "kwa mwendo huu, watu wa pasi watasalimiwa wameshastaafu."

Mtu akacheka, mwingine akalia, na cheko lenyewe likageuka kilio, laini nzima. Bwana Makavu alisimama katikati yao, mikono inaning'inia.

"Sikujua," alisema. "Jana mimi sikujua. Poleni sana."

Mzee wa stoo alikohoa. "Tumesikia, bwana," alisema. Ruhusa ilitolewa mwisho, na wakaipokea bila shangwe.

Walimzika asubuhi iliyofuata. Zamu yote ilikuja, hata wale wa nchi za jirani ambao hawakuzijua nyimbo za kanisa lake. Walisimama tu, vichwa chini. Wanaume wa pasi na wa stoo walibeba jeneza kutoka kwenye gari hadi kaburini, wakibadilishana, maana njia ilikuwa na mawe. Bwana Makavu hakujua asimame wapi, akaenda kusimama mahali pa ndugu, na kinyozi akasema aachwe hapo hapo.

Mchungaji aliuliza kama kazini wana neno. Bwana Makavu alisogea mbele. "Nilikosea mara nyingi," alisema. "Yeye aliniambia. Wengine hapana." Akarudi alipokuwa.

Waliomba. Jeneza likateremshwa kwa kamba, likagusa chini upande mmoja kwanza, wakalisawazisha. Kinyozi alitupa udongo, kisha Fundi, kisha laini, kila mtu kwa zamu yake. Wanaume wakachukua majembe wakajaza. Kwaya iliimba wimbo mmoja, ikamaliza beti zote. Msalaba wa mbao ukasimamishwa na mchungaji akafunga kwa baraka.

Watu walimpa kinyozi mkono mmoja mmoja wakaondoka, wengi kwa miguu, kuelekea kiwandani. Fundi alibaki na shemeji yake hadi wachimba kaburi walipomaliza kupiga udongo kwa mgongo wa koleo. Kisha alimshika mkono, wakarudi nyumbani.